Kidole cha Pete

Nyamizi alikuwa bado amepiga magoti, salamu haijaisha, mama mkwe wake akafungua kopo la krimu. Tangu ije ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, maduka ya Bariadi yalijaa makopo ya namna ile, yenye picha ya mwanamke mweupe kama maziwa.

"Inua uso. Wiki nzima nakupaka na bado mweusi tu. Tulitoa ng'ombe ishirini na tano kwa binti mweupe, siyo kwa sufuria lenye masizi."

"Mayu, jana nesi wa kliniki alinikataza. Anasema krimu hizi zina zebaki, inapenya kwenye ngozi mpaka kwa mtoto."

"Kwani nesi ndiye aliyekuoa?"

Akachota kwa kidole cha pete, kama kila asubuhi. Mimba ya miezi saba ilikuwa imemtoa Nyamizi mabaka mashavuni, na kidole kikaja moja kwa moja kwenye baka la kushoto. Nyamizi akakidaka kabla hakijamgusa.

Ndipo akaiona ile pete ya mama mkwe. Dhahabu ya ndoa ya kanisani, iliyokuwa ya njano kama samli, sasa krimu ilikuwa imeigeuza rangi ya bati.

Mama mkwe naye akaiona. Akaifuta kwa kanga, akaitemea mate, akaifuta tena. Haikurudi.

Nyamizi akasimama bila kuruhusiwa, mkono mmoja tumboni.

"Imekuwa nyeupe, mayu," alisema. "Nayo tuitolee ng'ombe?"