Shuka la Mgeni

Joto lilipozidi katika mji ule wa ugenini, hoteli ilileta feni moja tu kwenye chumba cha kupigia pasi. Msimamizi akaielekeza kwa wapiga pasi wawili wenyeji, akamwacha mwenzao Atuganile upande usiofikiwa na upepo.

"Wewe umezoea jua," alimwambia. "Kwenu ndiko linakotoka."

"Kwetu ni milimani, bwana," Atuganile alijibu taratibu. "Asubuhi tunavunja barafu kwenye ndoo ndipo tunanawa. Nimekulia ndani ya sweta."

"Barafu, Afrika?" Msimamizi akawageukia wale wawili, wakacheka. Walicheka bila ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akaendelea kupiga pasi mpaka macho yakaanza kuona giza. Akaenda kwenye mashine ya kufulia, akachomoa shuka jeupe lililolowa, akajitanda kuanzia kichwani, kama mama yake anavyojitanda blanketi alfajiri. Maji yakachuruzika sakafuni.

"Hilo ni la mgeni," msimamizi alisema.

"Najua," alijibu Atuganile.

Akashika pasi tena. Mvuke ukawa unapanda kutoka mezani na kutoka mabegani mwake, nao wale watatu wakabaki wakimtazama.