Asili ya Bosi

Mjinga wa siku ile alikuwa Mwalimu Kamusi mwenyewe. Leo hakatai, ingawa yeye hupenda kusema "nilighafilika."

Asubuhi aliweka kiti mlangoni, akakikalia kama mlinzi wa ghala. Mkewe, fundi wa kushona, alikuwa amepata chumba cha kazi mtaa wa pili, maana nyumbani wateja walikuwa wameadimika. Mtu akija kupimwa gauni, Kamusi humsahihisha Kiingereza mpaka anasahau kiuno chake.

"Cherehani haitoki humu," Kamusi alikuwa ameapa. "Bosi wa nyumba hii ni mimi!"

"Haya, baba," mkewe akajibu. Basi.

Mara akaja shemeji yake, seremala, pamoja na mpagazi, kuchukua kabati la chumbani likabadilishwe bawaba. Kamusi akawapisha shingo upande.

Wakalitoa chumbani, polepole.

"Shemeji," seremala akasema, "wewe uliyesoma. Hivi hili neno bosi lilitoka wapi?"

Kamusi akacheka kwa pua. "Hata hilo hujui? Na kutwa mnaitana bosi huko kwenye randa zenu! Ni la Waholanzi, maana yake bwana. Watumishi wa Marekani walikataa kumwita mtu bwana kwa Kiingereza, wakaazima neno la Kiholanzi. Wamemfukuza bwana mlangoni, wakampokea dirishani!"

"Lo! Ndiyo hiyo tu?"

"Hiyo tu? Lipo na bosi jingine, la Kifaransa cha kale. Hilo ni nundu! Lile donge la katikati ya ngao, Waingereza nao huliita bosi."

Kabati likakwama mlangoni. Mpagazi alihema, jasho likimchuruzika hadi kidevuni.

"Kabati tupu linawatoa ulimi nje!" Kamusi akasonya. Huko ndani mkewe akakohoa. "Wanaume suruali, hao! Sogeeni."

Akaweka bega, akasukuma, huku habari za nundu zikiendelea. Likatoka.

Mkewe akafuata, kikapu mkononi. "Nafika kwa dada."

"Nenda hata kwa shangazi, mradi cherehani ibaki."

Akarudi kitini, akalinda mlango mpaka alasiri, kifua mbele. Alipoingia chumbani kujinyoosha, pale pa cherehani palikuwa na vumbi tu.

Alifika mtaa wa pili mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili. Mkewe alikuwa anashona. Wateja wamejaa kwenye benchi.

"Nani amethubutu kuitoa cherehani nyumbani kwangu?" akafoka. "Nani, nauliza! Bila idhini ya bosi!"

Wateja wakainamia vitambaa vyao. Mkewe akakata uzi kwa meno.

"Bosi mwenyewe. Kabati lilipokwama, nani aliweka bega?"