Binti wa Theluji Ibaba

Saa tisa alasiri, Agosti 1951, baba mkwe wa Tumpe aliingia ukumbi wa misheni, Ibaba, akaketi benchi la mbele, akavua miwani aifute.

Tumpe alikuwa jukwaani, akiimba opera ya Kirusi iliyotokana na ngano ya binti wa theluji anayeyeyushwa na jua. Kwa Wandali, mkamwana haonekani na baba mkwe. Akionekana, hurudishwa kwao.

“Yeyuka, dada,” mwenzake alinong’ona nyuma ya pazia. “Yeyuka kabla hajavaa miwani.”

Wimbo ulikuwa bado nusu. Tumpe alilala chini, akajifunika shuka jeupe gubigubi, akaendelea kuimba, kitambaa kikimnata midomoni kila alipovuta pumzi.

Miguu ya benchi ikakwaruza sakafu. Tumpe akanyamaza.

“Mzee amegeuza benchi, anatazama ukuta,” mwenzake alisema. “Anasubiri wimbo.”