Flashi Iliyoonekana Nusu

Haya ni kweli tupu, na mzee mwenyewe namjua kuliko anavyojuliwa na mkewe.

Mzee huyo, mstaafu, alimwapia shemeji yake, kaka wa mkewe, kwamba ameteremka mlima kwa baiskeli, kinyumenyume, trei ya mayai kichwani, na halikupasuka hata moja. Video ipo kwenye flashi. Wakawekeana sharti mbele ya wageni: atakayeumbuka ataosha vyombo vya nyumba nzima, mwezi mzima.

Flashi ikachomekwa. Taa yake ikawaka. Kompyuta kimya.

Shemeji ni fundi kompyuta, na ndiye aliyeiwekea ile mashine mfumo wa Linux. Akakunja mikono ya shati. Akabadilisha tundu, wapi. Akaandika lsusb, amri ya kuuliza nini kimechomekwa: flashi imo. Akaandika lsblk, ya kuuliza diski zipi zinafunguka: haimo.

"Ajabu hii. Inajua kuna mgeni mlangoni, ila imekataa kumfungulia."

"Basi iache, shemeji," mzee akasema kwa upole. "Tuhesabu tumetoka sare. Chakula kinapoa."

"Masufuria hayana sare."

Mzee akawageukia wageni. "Jamani, humu ndani nani anajua kuifungia Linux milango? Mimi kuandika barua tu hunitoa jasho."

Macho yote yakamwelekea fundi. Hata dada yake alimtazama, na jicho lile halikuwa la udugu.

"Kaka, kweli? Kwa ajili ya vyombo?"

Fundi akainamia mashine, akapekua mipangilio yake faili kwa faili, hadi akaikuta: mstari mmoja wa kuzuia flashi zote.

"Huu umeandikwa na mtu. Tarehe ya faili ni leo asubuhi. Dada, mimi nimefika saa ngapi?"

"Mchana," dada akasema taratibu. "Mizigo yako nimeipokea mimi."

"Na asubuhi kompyuta ilikuwa na nani?"

Mzee alikuwa anatafuta miwani, nayo iko usoni.

Fundi akaufuta ule mstari, akawasha mashine upya. Flashi ikafunguka. Tupu. Hata picha ya yai haimo.

Naomba niishie hapa. Karatasi imelowa povu, na shemeji amesimama mlango wa jikoni, anasema sufuria kubwa nimeiosha juu juu.