Doa kwenye Kanzu

Apiyo alipoinama kumnywesha babake uji, harufu ya dawa ilimpiga puani. Akanusa tena mdomo wa mzee, asiamini.

Pale kwenye kambi ya shamba la mkonge, watu wa dhehebu la Roho hawanywi dawa. Chupa ya dawa ya kahawia ya kutuliza maumivu aliyoileta Apiyo kutoka Thika, kakake mhubiri aliikataa mbele ya waumini, akatoka nayo kwenda kuimwaga.

"Baba, nani amekupa?"

Mzee alifumba macho tu.

Kakake akaingia amevaa kanzu nyeupe, waumini wakijaa mlangoni nyuma yake. Akainua mikono aombe. Kwenye mkono wa kanzu palikuwa na doa la kahawia, halijakauka.

"Bwana, dawa yetu ni Wewe peke yako," alianza.

Apiyo akamsogelea, akaukunja taratibu ule mkono wa kanzu, doa likafichika.

"Omba, ndugu yangu."