Malaika wa Doña Engracia

Fundi alimpima Nabor kwa uzi, kutoka utosini hadi kisiginoni, akapiga fundo. Hakumgusa.

"Hariri nyeupe," akaagiza Doña Engracia. "Na mabawa yawe ya manyoya halisi. Ya Lucina tulitengeneza ya karatasi, yakanyong'onyea kabla hatujafika makaburini. Niliona aibu mimi!"

Crescencia, mama wa mtoto, alisimama mlangoni ameuma upindo wa shali yake. Lucina alikuwa binti yake wa kwanza. Baada yake akaenda Eloy. Mara zote mbili aliyegharamia kila kitu ni Doña Engracia, mke wa mwenye kinu cha kusagia nafaka, kwa kuwa ndiye mama yao wa ubatizo, na kijijini pale mama wa ubatizo ndiye amvishaye malaika wake.

Na alivyopenda kubatiza, mama huyu! Ila watoto wanene hakuwataka. Aliwakagua wachanga kanisani kama mtu anayechagua kuku sokoni, tofauti ni kwamba yeye akiona mbavu ndipo anapochukua. Mtoto anayekufa bila dhambi hupaa moja kwa moja, na akifika, kazi yake ya kwanza ni kumwombea aliyemnunulia nguo. Matajiri wenzake walikuwa na mawakili mjini. Doña Engracia aliwaweka wake mbinguni.

"Umelia wewe?" akamuuliza Crescencia.

"Hapana, Doña."

"Usithubutu! Chozi la mama hulowesha mabawa, mtoto akashindwa kuruka. Utamchelewesha bure, na mimi Jumatatu nasafiri."

Uani wapiga fidla walishaanza kukaza nyuzi. Mjakazi akatua kapu la mikate mitamu, chungu cha chokoleti na furushi la fataki. Tiburcio, baba mtu, alikuwa ametumwa tangu asubuhi akafyeke magugu pale walipolala Lucina na Eloy, apatikane nafasi ya wa tatu. Nyumba ambayo tangu Pasaka haikuinjika ila mahindi makavu sasa ilinukia mdalasini, na Crescencia akauchukia mnukio ule kwa moyo wake wote.

"Doña," akasema, "hiyo hariri... ingekuwa pamba tu. Kinachobaki tungepata maziwa. Hata ya mbuzi."

"Maziwa!" Doña Engracia akacheka. "Jamani mama Nabor, kila ukiniona ni maziwa. Juzi maziwa, leo maziwa. Chokoleti ya malaika hupikwa kwa maji, tangu enzi za bibi yangu. Unataka watu waseme nimekuja kuharibu mila za watu?"

"Si ya chokoleti, Doña."

Lakini Doña alishageuka kuwagombeza wapiga fidla, waliothubutu kupiga wimbo wa huzuni. Crescencia akarudi kuuma shali yake. Tiburcio alikuwa kibarua kwenye kinu kile, na midomo mirefu ilishawafukuzisha wengine.

Doña Engracia akapiga magoti kando ya mkeka, akaguna kwa maumivu, akamvika Nabor taji la karatasi ya dhahabu. Kisha akamwinamia sikioni.

"Ukifika huko usinisahau," akanong'ona. "Engracia, mke wa mwenye kinu. Wasije wakanichanganya na yule Engracia muuza pombe. Na uwaambie habari za goti langu."

Fidla zikaanza, safari hii wimbo wa furaha.

Chini ya taji, Nabor akafumbua macho.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Hakuna aliyeshtuka. Crescencia akalirukia kapu la mikate, lakini Doña Engracia alimwahi, akakalia kifuniko.

"Vumilia kidogo, malaika wangu," akamwambia mtoto kwa upole. "Huko uendako hakuna njaa."