Ng'ombe Mwenye Neno la Mwisho

Ng'ombe alimgeuzia dalali mgongo, na biashara ikaishia hapo.

"Amekukataa," mfugaji alisema. "Mimi binafsi sina neno nawe."

Ilikuwa mara ya tatu. Dalali alishazoea wafugaji wabishi, waoga, hata wale wanaokubali leo na kukana kesho. Huyu alikuwa wa aina yake. Hakuamua jambo bila kumwuliza ng'ombe wake, aliyemwita Mshauri. Avune, anunue koti, aende msibani, kwanza alikwenda zizini akanyoosha mkono. Mshauri akiulamba, ndiyo. Akigeuka, basi, hata kama marehemu ni mjomba.

Dalali aliondoka na uchungu wa kweli. Miaka yote aliuza ng'ombe wa watu. Huyu mwenye maziwa yasiyokauka alimtaka awe wake, aache udalali, naye aitwe mfugaji.

Mke wa mfugaji alimwahi langoni, akamtilia chumvi kiganjani.

"Rudi umnyooshee mkono huo," alinong'ona. "Ila kwanza niambie, shemeji, kwako kuna nafasi?"

"Zizi lipo, jipya kabisa."

"Mimi nauliza chumba."

"Kipo cha stoo."

"Kina dirisha?"

"Dogo."

"Litatosha."

Dalali alishangaa, ng'ombe na dirisha wapi na wapi. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akarudi zizini.

Mshauri alilamba kile kiganja kama aliyefunga mwezi mzima. Mfugaji akafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Amekubali," alisema. "Neno lake ndilo langu."

Walimpandisha ng'ombe kwenye gari bila vurugu. Dalali akafunga kamba huku akipiga mluzi, moyo mweupe. Alipoinua macho, mfugaji naye alikuwa juu, ameketi kwenye majani, ameegemea ubavu wa Mshauri.

"Mzee, na wewe safari ya wapi?"

"Sasa nikibaki," mfugaji aliuliza, "nani ataniamulia?"

Dalali akageuka kumtafuta mke amsaidie kumshusha. Alikuwa anakuja mbiombio kutoka ndani, godoro kichwani, begi mkononi, limefungwa vizuri kwa kamba.

"Chai yake haitiwi sukari," alisema, akimkabidhi. "Mengine muulize ng'ombe."